Tovuti ya Radi Kavu Niliyoisahihisha kwa Karatasi

Wewe uliyepokea funguo za maabara ya kompyuta baada yangu, sogeza chai yako mbali na kibodi, kisha unisikilize kidogo. Sitakuchosha na habari za vyeo. Vyeo vyangu vimo kwenye faili, na faili iko kwa karani, na karani atakuambia amepoteza ufunguo wa kabati. Nataka kukueleza kazi yenyewe, hasa ile ya kusahihisha tovuti za wanafunzi, kwa maana muhula huu utaletewa rundo lake. Mimi niliwahi kuifanya vibaya sana, na siku niliyoifanya vibaya niliondoka ofisini nikijiona mwalimu hodari.

Nilianzia Bungoma, kwenye chuo kidogo cha uhazili kilichokuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka msikiti ambao nyumba yetu ilikuwa nyuma yake. Siku hizo tulifundisha kupiga chapa kwa mashine za chuma. Zilikuwa kumi na mbili. Moja haikuwa na herufi "e", na mwanafunzi aliyechelewa ndiye aliyepewa hiyo. Siku yangu ya kwanza niliingia darasani nikiwa na hotuba niliyoiandaa wiki nzima, nikakuta hakuna atakayeisikia, kwa sababu mashine kumi na moja zilikuwa zinapigwa kwa pamoja. Nikasimama pale na hotuba yangu mkononi mpaka kengele ilipolia.

Aliyenifunza kazi alikuwa Bwana Kamau, mwalimu mkuu wa chapa, ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakapata shamba nje ya Kitale. Alikuwa mtu mpole mwenye koti moja. Alipopokea kazi ya mwanafunzi, hakuisoma mara moja. Aliipeleka dirishani, akaiinua juu ili mwanga upite, na pale palipofutwa pakaonekana pamekuwa pembamba. Kosa ambalo mwanafunzi alidhani amelizika, lilifufuka hapo dirishani.

"Mariamu," aliniambia, "mtoto wa watu atakwambia alikuwa mgonjwa, ati riboni ilikuwa kavu, ati mashine ilikwama. Karatasi haina hizo hadithi. Wewe soma karatasi."

Akanipa kalamu nyekundu, na sikuwahi kukaa bila nyingine tangu siku hiyo. Kwa mashine za chapa, ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa. Nataka ukumbuke hilo tunapoendelea. Bwana Kamau hakunidanganya. Ni mimi niliyebeba dawa ya ugonjwa mmoja nikaenda nayo kutibu mwingine.

Kompyuta zilipokuja nilihamia hapa Kitale. Huwezi kujua jinsi tulivyoziogopa. Kila mashine ilifunikwa kitambaa cha kufumwa, kama makochi ya sebuleni, na wanafunzi walivua viatu mlangoni ili vumbi lisiingie. Vumbi liliingia hata hivyo, kupitia dirishani. Kilichobaki kwetu ni harufu ya soksi. Nilijifunza kompyuta wiki moja mbele ya wanafunzi wangu, na wiki nyingine siku moja mbele yao. Ukijikuta hapo, usiaibike. Sema "hilo nitawaletea jibu kesho," kisha kesho ulete.

Baadaye mtaala ukataka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atengeneze tovuti, na sisi tuitathmini kwa fomu. Fomu hiyo bado ipo, kwenye droo ya kati. Inauliza maswali ya maana. Nani ameandika tovuti hii, naye anaijua vipi mada yake? Habari zimetoka wapi? Zimeguswa lini mara ya mwisho? Viungo, yaani yale maandishi unayobofya yakupeleke ukurasa mwingine, vyote vinafika? Lugha ni safi? Kila kilichomo kinahusiana na mada? Sina ugomvi na fomu.

Ugomvi wangu ni na kanuni niliyoiongeza mimi. Intaneti yetu ilikuwa dhaifu, na mvua ikinyesha ilikufa kabisa, na unajua mvua ya Kitale. Kwa hiyo niliagiza kila mwanafunzi achapishe tovuti yake kwa printa, ukurasa wa kwanza tu wa kila sehemu ili tusimalize karatasi, aifunge kwa springi kama kitabu, aniletee. Nilisahihisha alasiri mezani kwangu, bila kuwasha mashine yoyote. Wenzangu waliisifu kanuni hiyo. Vyuo viwili jirani viliiga. Nilikuwa nimerudi dirishani kwa Bwana Kamau, nikiinua tovuti ili mwanga upite.

Sasa nikueleze juu ya Nekesa. Alitoka Kamukuywa, na Jumamosi na Jumapili alifanya kazi kwenye sayba ya huko, duka la intaneti, akiwafungulia watu barua pepe na kuwachapishia fomu. Hakuwa na kompyuta yake. Tovuti yake yote aliitengeneza hapo sayba, kati ya mteja na mteja, akiandika moja kwa moja mtandaoni kwenye nafasi ya bure. Alipokuja kuniambia mada yake, nilikuwa na mandazi mdomoni.

"Ni ya bendi, Madam. Inaitwa Radi Kavu. Wanapiga roki."

"Roki ya wapi?"

"Ya hapa tu. Wawili ni wa Kitale, wawili wa Endebess."

"Endebess kuna mahindi na maziwa, Nekesa. Roki imetoka wapi?"

"Si ata hao ndio wanatoa maziwa, Madam. Yule wa ngoma huleta maziwa town kila asubuhi. Anaitwa Kibet. Pengine hata hiyo ya chai yako ni yake."

Nikacheka, nikamkubalia. Nilikuwa nimechoka na tovuti za shule za watu na za makanisa yao. Alinionyesha picha kwenye simu: vijana wanne ndani ya ukumbi wenye mabati yaliyotoboka, gitaa tatu, na nyuma yao kijana mwembamba aliyefunga macho, vijiti viwili hewani. Nekesa alikuwa shabiki wao wa kwanza na, kwa muda mrefu, shabiki wao wa pekee ambaye hakuwa jamaa yao. Hakuna gazeti wala redio iliyowahi kuwataja. Ukitaka kujua wimbo fulani ulitungwa lini, au kwa nini mpiga besi aliondoka akarudi, ilibidi uende kwenye tovuti ya Nekesa. Hapakuwa na pengine.

Kitabu chake cha kwanza kilinijia kikiwa cheusi. Kurasa zote nyeusi, maandishi mekundu, ndimi za moto pembeni. Nikaandika kwa kalamu: "Weusi unamaliza wino. Badilisha." Fikiria hilo. Nilimwambia mtu abadilishe rangi ya tovuti ya roki kwa ajili ya printa yetu. Akabadilisha. Ikawa nyeupe kama barua ya benki.

Ukurasa wa nane wa kitabu hicho cha pili ulikuwa wa kitabu cha wageni. Kwa wewe uliyezaliwa baadaye, hiyo ilikuwa sehemu ambapo yeyote aliyetembelea tovuti aliacha ujumbe, na wengine wakamjibu chini yake. Nilisoma ule ukurasa mmoja uliochapishwa. Sheng tupu, ile ya vijana wa mitaani. "Niaje wasee," "hiyo ngoma imeweza," na kadhalika. Mmoja aliuliza Kibet alianzaje kupiga ngoma, na Kibet mwenyewe akaanza kujibu, na jibu likafika mwisho wa karatasi. Nikauliza swali la fomu: hili linahusiana na mada? Nikapiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Juu nikaandika: "Futa. Porojo za mashabiki."

Nekesa alikuja ofisini akiwa ameshika kitabu kifuani.

"Madam, hapo page eight. Si tuache tu?"

"Kwa nini?"

"Hiyo ndio watu wanakujia. Zingine wakishasoma mara moja wameisha. Hiyo wanarudi kila siku. Kibet hujibu kila mtu, Madam. Ata wale wanamtusi anawajibu."

"Na huyo Kibet atakuja kukutahini?"

Akacheka kidogo. "Hapana."

"Mtahini wa nje anakuja na fomu. Akiona Sheng, anakata. Akiona matusi, anakata. Ukianguka unarudia mwaka. Unataka kurudia mwaka kwa sababu ya porojo?"

Alitazama chini. Wazazi wake walikuwa wakimsubiri amalize ili mdogo wake aanze, na nililijua hilo nilipotaja kurudia mwaka.

"Ziko nyingi, Madam. Karibu miaka mbili ya watu kuongea."

"Basi utakuwa umepunguza uzito," nikasema, nikiwa na furaha ya mtu aliyesema jambo la busara.

Nilimwandikia na hatua za kufuta, ili kumsaidia. Mimi ni mtu wa kusaidia. Sikumuuliza kama ana nakala. Mimi, mwalimu wa kompyuta, ambaye kila somo la kwanza la mwaka nilipiga ubao nikisema "hifadhi, hifadhi tena," sikumuuliza.

Mtahini wa nje alikuja, mtu mkimya mwenye kompyuta yake na intaneti yake mwenyewe. Hakugusa kile kitabu cha springi. Alifungua tovuti, akabofya huku na huku, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha akamuuliza Nekesa: "Na wageni wakitaka kusema kitu, wanasema wapi?"

Nekesa hakunitazama. Alisema, "Ilikuwepo, sir. Niliitoa."

Mtahini akaandika kitu. Nekesa alipita, ila si kama alivyostahili. Nilimpongeza, tukapiga picha, akapata kazi Bungoma mjini, nami nikaendelea kufundisha wengine. Mwaka mmoja au miwili baadaye hata ile nafasi ya bure ilifungwa, na tovuti nzima ikaenda nayo. Hilo halikunisumbua. Tovuti hufa kila siku.

Nilikuwa nimebakisha muhula mmoja kabla ya kustaafu Nekesa aliponipigia simu.

"Madam, shikamoo. Umenikumbuka? Nekesa wa Radi Kavu."

Nilimkumbuka. Aliniambia Kibet amefariki. Aliugua kifua, akalazwa, akaonekana anapona, kisha hakupona. Mazishi yangekuwa Jumamosi, Endebess.

"Mama yake anataka kuja kwako," alisema. "Nimemwambia sijui kama utakuwa na kitu. Lakini anataka kuja."

Walikuja pamoja siku ya pili. Mama Kibet alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mikono ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Aliketi hapo kwenye kiti unachokalia sasa. Nilimpa pole, akaitikia, akaenda kwenye shida yake bila kuzunguka.

"Mwalimu, tunaandika ile history yake ya kusoma kwa mazishi. Tumeandika alizaliwa, alisoma, alikuwa anapeleka maziwa. Halafu imeisha. Ni laini sita. Vijana wa bendi wanasema, mama, hiyo si Kibet. Nikawauliza, basi Kibet ni nani, mniambie niandike. Kila mtu analia tu. Wakasema alikuwa anajieleza mwenyewe kwa computer ya huyu msichana. Nikamuuliza huyu. Akasema ilifutwa."

Nekesa alisema haraka, "Sikusema ni nani alifuta, Madam."

Naona ni lazima nikuambie kwamba ningeweza kuliacha hapo. Nekesa alikuwa tayari amenifichia. Kisha nikasema, "Ni mimi niliyemwambia afute, Mama. Niliona hayana maana."

Mama Kibet alinitazama. Hakukasirika, na ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. "Ulikuwa kazini," alisema. "Sasa hakuna mahali imebaki? Hata kidogo? Kesho karatasi zinaenda kuprintiwa."

Ndipo nilipokumbuka kanuni yangu. Vitabu vyote vya springi vya miaka hiyo nilivitunza stoo, kwa kuwa karatasi haidanganyi. Tulikwenda watatu. Stoo ile unaijua, nyuma ya jenereta. Tulipangua maboksi karibu saa nzima, Mama Kibet akishika kila kitabu kwa mikono miwili na kunipa, mpaka Nekesa akasema, "Hii hapa." Kingo zilikuwa zimeliwa na mende, ila katikati palikuwa pazima.

Nilifungua ukurasa wa nane. Jambo la kwanza tuliloliona sote lilikuwa nyekundu.

"Hii laini ni ya nini?" aliuliza Mama Kibet.

"Ni yangu," nikasema.

Hakuuliza tena. Macho yake hayakuweza maandishi madogo, akaniomba nimsomee, kwa hiyo ni mimi niliyemsomea, nikipitisha macho chini ya mstari wangu mwenyewe. Nilisoma swali la yule shabiki. Kisha nikasoma jibu la Kibet, na nimelisoma mara nyingi baada ya hapo, nalijua kwa moyo:

"Sasa buda. Mimi nilianzia kwa mikebe ya maziwa ya mathe. Alikuwa ananiambia nioshe, naiosha naipiga, naiosha naipiga. Ng'ombe zilikuwa zinanijua kwa beat. Siku moja akanipata nimepanga zote tano kwa laini, na mikebe moja imebonyea. Nikajua leo nimekwisha. Lakini kitu mathe aliniambia hiyo siku ndio inafanya mpaka leo sijawahi wacha ngoma, hata wakati watu wanacheka. Aliniambia"

Hapo karatasi iliisha. Kibet aliendelea kwenye ukurasa uliofuata, na huo sikuruhusu uchapishwe.

"Na halafu?" akauliza Mama Kibet.

"Inaishia hapo, Mama."

"Nilimwambia nini?"

Niligeuza karatasi; nyuma hapakuwa na kitu. Akamgeukia Nekesa. Nekesa alikuwa ameifuta mara moja, lakini alikuwa ameisoma mara nyingi kabla ya hapo, na nilimwona akiitafuta kichwani, midomo ikitikisika.

"Ilikuwa kitu nzuri, Mama," alisema. "Watu waliandika sana hapo chini. Kuna mmoja alisema amelia akiwa kazini. Lakini maneno yenyewe… sitaki nikudanganye."

Mama Kibet alikaa juu ya boksi la vitabu. "Mikebe nakumbuka," alisema polepole. "Ile ilibonyea iko mpaka leo, tunawekea maji ya kuku. Nakumbuka nilikuja na fimbo. Halafu sikumchapa. Nilisema kitu." Alijishika paji la uso. "Nilisema kitu, na si nilikuwa na haraka, maziwa ilikuwa inangojwa."

Tulikaa naye mpaka alipoona ameshindwa kukumbuka. Nilichapa maneno ya Kibet upya kwa mkono wangu, bila kurekebisha hata neno moja, yakaenda kwenye programu ya mazishi jinsi yalivyokuwa. Jumamosi yule mpiga besi ndiye aliyesoma, kwa sauti ya kawaida, watu wakacheka kwenye ng'ombe na beat. Alipofika "Aliniambia," alikoma, kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusoma. Watu walisubiri. Niliwaona wakimtazama Mama Kibet, na Mama Kibet akitazama jeneza, kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto wake.

Bendi wamenitafutia watu waliowahi kutembelea tovuti ile. Nimeandikia niliowapata. Kila mmoja anakumbuka kwamba jibu lilikuwa zuri. Hakuna anayekumbuka lilikuwa nini. Nimestaafu sasa, lakini bado naandika.

Najua utasema, ilikuwa zamani, intaneti ilikuwa mbovu, fomu ndiyo iliyotaka. Asante. Nimejiambia hayo yote na sikupata usingizi bora. Fomu iliniuliza nani ameandika na anaijua vipi mada yake. Kibet aliijua mada yake kuliko mtu yeyote aliye hai, akajibu swali hilo kwenye ukurasa wa nane, nami nikampiga mstari. Ningesogea hatua saba hadi kwenye mashine, nikafungua tovuti, nikashuka chini kidogo tu, ningekuwa nimemaliza kuisoma sentensi ile. Na mimi nina kumbukumbu nzuri.

Kwa hiyo, mwenzangu, fanya hivi. Wakikuletea tovuti muhula huu, weka karatasi kando uiwashe tovuti yenyewe. Fungua kila ukurasa, ushuke mpaka chini kabisa. Ukiona kitu unachotaka kifutwe, usiseme bado. Kwenye droo ya kushoto nimekuachia flashi yenye kamba ya bluu, haina kitu. Nakili tovuti yote humo, andika jina la mwanafunzi na tarehe kwenye daftari lililo pembeni yake, fungua nakala uhakikishe inasomeka, halafu ndipo uchukue kalamu.